Pakiti Moja, Magitaa Mawili

Alhamisi usiku. Ncha ya uzi wa kwanza imenichoma kidole cha shahada kwa mara ya pili, na mara zote mbili pale pale. Nimekaa juu ya mkeka, gitaa jeupe limenilalia mapajani. Lile jeusi liko juu ya kitanda kama mgonjwa anayesubiri zamu yake. Mama kapita mlangoni, kasimama, kaniuliza leo anayelala chini ni nani, mimi au hayo madude.

Jumamosi tunapiga Paje, hotelini. Tupo sita. Kwanza dansi za zamani, halafu wageni wakishakula tunaingia taarabu tatu nne za mwimbaji wetu, mtu mzima ambaye sote tunamwita Bi. Magitaa ninayo mawili na pakiti ya nyuzi mpya ninayo moja. Nyuzi za gitaa la umeme hapa Unguja si kitu cha kuingia duka lolote ukakikuta, mimi huagiza Dar, na mtu akivuka na boti huniletea. Safari hii niliyemwagiza amekuja na pakiti moja badala ya mbili. Chenji, anasema, kanywea soda kwa sababu bahari ilikuwa chafu. Sikumuuliza soda ya bei gani.

Basi ikawa lazima nichague nani avae nguo mpya.

Jeupe ni la mtindo wa Stratocaster, gitaa la umeme maarufu, nakala ya bei ya chini, na rangi yake imekwisha kuwa ya tui. Ndilo nililolinunua kwa pesa yangu mwenyewe. Lina pikapu tatu za koili moja moja (pikapu hizi si za kubebea mchanga, ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, nazo ndizo zinazousikia uzi ukitikisika). Sauti yake inang'aa, kila noti unaisikia mwanzo wake, na kwa dansi hakuna kinachonifurahisha zaidi. Jeusi aliniachia ami alipohamia Muscat. Ni zito, baada ya saa moja bega linaomba msamaha. Pikapu zake ni mbili, kila moja ina koili mbili zilizopangwa kinyume ili mvumo wa umeme ujifute wenyewe. Urefu wa uzi unaopigwa ni kama milimita 628, wakati kwenye jeupe ni 648. Tofauti ya sentimita mbili unaiona ndogo mpaka uanze kuzivuta nyuzi, hapo vidole vinakwambia.

Ukifuata akili, pakiti ni ya jeusi. Briji yake, kile kikalio nyuzi zinapofungwa mwilini mwa gitaa, haichezi. Ya jeupe inaelea juu ya springi zilizofichwa mgongoni: nyuzi zinavuta mbele, springi zinavuta nyuma, na tyuni inakaa kwa suluhu ya hao wawili. Uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo, springi zinashinda na nyuzi zilizobaki zote zinapanda juu. Hapo huna gitaa tena, una kuni.

Nikaipa jeupe pakiti. Nikajiambia ni kwa sababu dansi ni nyingi kuliko taarabu. Kweli yenyewe ni kwamba nalipenda na nilitaka ling'ae mbele za watu.

Nyumba yetu iko Kikwajuni, bahari si mbali, na kaskazi ikishaanza kuvuma chumvi inaingia hata kabatini. Nyuzi za zamani za jeupe, ukizipitishia kidole, unabaki na mstari wa rangi ya udongo mwekundu. Hapo hujatia jasho la mwanamuziki anayepiga saa mbili chini ya taa. Wenzetu wa nchi za baridi wanasema uzi unadumu miezi. Mimi baada ya wiki tatu nashukuru Mungu.

Kwa gitaa la briji inayoelea sitoi nyuzi zote kwa pamoja. Hizi za tisa, yaani zinazoanzia unene wa inchi 0.009, zikikazwa zote sita zinavuta kama kilo 38, zaidi ya polo la mchele la kilo 25. Ukiuondoa mvuto huo wote kwa mara moja, springi zinaiburura briji nyuma na utakesha unaitafuta ilipokuwa. Natoa mmoja, natia mmoja. Naupitisha kwenye tundu la ufunguo, nauachia ulegevu wa kutosha mizunguko miwili au mitatu, naukunja, naushika kwa kidole usiruke, nazungusha. Ukipanda unalia kidogo kwenye mfereji wa kichwani, tik, tik. Nasugua pale risasi ya penseli, unanyamaza. Halafu inakuja kazi ninayoichukia: kuunyoosha. Unauvuta juu kwa vidole viwili, unateremka karibu nusu noti, unaukaza tena, unauvuta tena, mpaka uchoke kuteremka au uchoke wewe. Uzi mpya ni kama mtoto wa chuoni siku ya kwanza, ukigeuza uso tu kesharudi kwao.

Jeusi likapata dawa ya masikini. Ami ndiye aliyenifundisha: nyuzi tatu nene, zile zilizoviringishiwa waya, unazitoa ukazichemsha. Uchafu na mafuta ya vidole yanayojificha kati ya mizunguko ya ule waya yanatoka, na uzi unapata uhai wa siku chache. Dakika kumi, halafu unazikausha sawasawa kwa taulo, la sivyo umezipeleka kwenye kutu kwa miguu yako. Maji yalitoka rangi ya chai ya rangi. Nyuzi nyembamba tatu hazifaidiki na hayo, nilizifuta tu kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani. Mama alipogundua sufuria ni ile ya maziwa hakusema neno. Aliiweka mbele yangu na limau na jivu.

Ijumaa baada ya alasiri, mazoezi. Dansi zilikwenda vizuri, jeupe linacheka peke yake. Tukaingia taarabu, na wimbo wa kwanza uko kwenye bayati, mojawapo ya ngazi za noti za muziki wa Kiarabu. Noti ya pili ya bayati haimo kwenye freti zangu, vile vyuma vya shingoni, imekaa katikati ya mbili. Fidla haina freti, udi hauna, ganuni ina vitenzo vidogo vya kunyanyua na kushusha noti. Kwenye muziki ambao Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu cha hapa Unguja, wanao tangu 1905, gitaa la umeme ni mgeni wa juzi, na amekuja na vyuma vyake vilivyopigiliwa kwenye shingo. Namna yangu ni kushika freti ya chini na kuusukuma uzi ukapanda nusu ya njia. Nimelifanya hilo miaka.

Ijumaa nilikosa mara nne mfululizo.

"Umepita, mwanangu," Maalim wa fidla akasema. Nikarudia. "Umepita tena. Iko hapo nyuma, umeipita kama daladala."

Nyuzi mpya zilikuwa laini na telezi. Nikisukuma kidogo, ushafika mbali. Ilinichukua nusu ya mazoezi kuelewa kwamba vidole vyangu vilikuwa vimezoea kutu. Ule ukwaruzo ndio uliokuwa breki yangu, nami siku zote nikidhani nina sikio zuri. Bi hakuingilia. Alikaa na kikombe chake, mwisho akaniuliza kwa upole, "Leo gitaa lako mbona linalia kama vijiko?"

Jumamosi. Umeme wa hotelini ulikatika magharibi na jenereta likawashwa. Nilipochomeka waya wa jeupe, spika ikaanza kuvuma mmmm kama nzi wa kwenye chupa. Koili moja moja ndivyo zilivyo: mawimbi 50 kwa sekunde ya umeme wetu yanaingia humo bila hodi, na taa za jukwaani zikaongeza yao. Nikigeuka kuitazama bahari mvumo unapungua, nikigeuka kuwatazama wageni unarudi. Nusu ya dansi niliipiga nimewapa watu ubavu. Mpiga besi akaninong'oneza kama nimegombana na mtu meza za mbele.

Kabla ya taarabu nikachukua jeusi.

Kimya. Spika kama hakuna kilichochomekwa. Tyuni imekaa, maana nyuzi zile zimekwisha kunyooka zamani. Sauti ilikuwa ya chini, ya mviringo, bila ule mng'ao niliousumbukia wiki nzima. Ilipofika noti ya pili ya bayati nikasukuma, uzi ukakwaruza kwenye kidole, nikasimama ulipokwaruza. Maalim hakugeuka, na Maalim asipogeuka ni salamu. Bi alikuwa kafumba macho. Akafumbua moja, akanitazama, akaendelea na shairi.

Bega linauma mpaka sasa.

Zile nyuzi za zamani za jeupe nilimpa kijana wa jirani. Yeye huvua kwa mshipi, na alizitaka zile nyembamba azifunge kabla ya ndoana ili samaki wa meno asikate. Nilimwonya kuwa zina kutu. Leo Jumapili jioni kaja na kipande cha uzi cha urefu wa kidole kimoja. Anasema alikuwa kamshika mzia, mkubwa, hivi, na mikono yote miwili ikatanuka mpaka ikagonga mlango.

"Umekatikia hapa, kaka. Kutu." Halafu akachungulia ndani, kitandani. "Na lile jeusi, nyuzi zake hutoi?"

Nikamwambia akatafute waya wa breki ya baiskeli.