Nilivyofanikiwa kukuza fuwele za sukari Bukavu

Kwa muda mrefu nilitamani kuwaonyesha watoto wangu sukari mawe, ile pipi ya fuwele kubwa zinazokua zenyewe juu ya uzi. Nilijaribu mara tatu nyumbani kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, na jaribio lililonifundisha zaidi ni la kwanza, ambalo liliharibika kabisa.

Maelekezo niliyokuwa nayo yalitaka shira ichemshwe mpaka kipimajoto kifike nyuzi 110, nami nikayafuata. Shira ikawa nzito kupita kiasi, na nilipoikoroga ikiwa inapoa iligeuka donge moja jeupe lililong'ang'ania sufuria. Siku kadhaa baadaye ndipo nilipotambua kwamba tatizo ni mwinuko. Bukavu iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni ndogo, na kwa sababu hiyo maji yetu huchemka karibu na nyuzi 95 badala ya 100. Shira nayo huchemka mapema kwa kiasi hicho hicho, hivyo aliyeifikisha 110 hapa ameipika sawa na 115 ya pwani, na maji mengi mno yameshatoka.

Tangu hapo nikaacha kipimajoto, nikashika mizani. Nusu lita ya maji kwenye nyuzi 20 huyeyusha takriban kilo moja ya sukari, lakini yakikaribia kuchemka huyeyusha zaidi ya maradufu. Nilitia kilo moja na robo: ikiwa moto huyeyuka yote, na ikishapoa ile robo inakuwa ya ziada, haina pa kukaa ila kwenye fuwele. Limau sikutia, ingawa jirani alinishauri, kwa kuwa asidi yake huivunja sukari kuwa glukosi na fruktosi, ambazo huzuia fuwele kujipanga.

Jaribio la pili liliniponyoka kwa sababu ya punje chache zilizobaki kwenye ukuta wa chupa. Sukari ya ziada hutafuta mahali pa kuanzia, na ilianzia pale, ikatanda chini na pembeni huku uzi wangu mtupu ukiachwa vilevile.

Mara ya tatu niliulowesha uzi wa pamba katika shira, nikauviringisha kwenye sukari, nikauanika siku mbili hadi punje zikashika barabara. Chupa niliisuuza kwa maji ya moto na kuikausha. Nilisubiri shira ipoe, maana ikiwa moto ingeziyeyusha punje za kwenye uzi, kisha nikaimimina taratibu, nikauning'iniza uzi kwenye kijiti bila kugusa chini wala pembeni, nikafunika kwa kitambaa chepesi, na kuiweka chupa juu ya kabati, mbali na mbabula, yaani jiko la makaa, na mbali na mikono.

Kila asubuhi binti yangu aliuliza, "Baba, bado?" Siku ya tatu tuliona nyuso bapa zinazong'aa, kila fuwele ikiwa na pembe zilezile za mshazari, kwa kuwa molekuli za sukari hupangana kwa mpango mmoja tu. Hilo ndilo nililotaka wanangu walione kwa macho yao.

Siku ya tisa nilivunja kwa kijiko utando uliofunika juu, nikautoa uzi, nikauacha uchuruzike. Ulikuwa na gramu 140. Shira iliyobaki, ambayo bado ilikuwa tamu sana, tuliimalizia kwenye uji.