Kumbukumbu ya mradi wangu: mwezi wa saba wa kupanda vilima nikiwa na miaka 63

Lengo nililojiwekea nilipoanza lilikuwa moja tu: kabla sijatimiza miaka 64, niwe nimepanda kwa miguu yangu hadi Morningside, kwenye safu ya milima ya Uluguru, na kushuka bila kubebwa na mtu. Mke wangu anauita mradi huu wazimu wa wastaafu. Naandika maendeleo yake upya hapa kwa kuwa daftari la awali lililowa jasho hadi kurasa zikashikana.

Nilianzia Pugu, kwa sababu kutoka Ukonga ninakoishi hadi Kisarawe ni safari ya daladala tu, na msitu wa hifadhi wa Pugu-Kazimzumbwi uko jirani. Jumamosi ya kwanza sikumaliza hata saa moja. Nilikaa juu ya gogo magoti yakinitetemeka, nikijifanya natazama ndege. Wakati huo nilikuwa nikikesha nikipiga hesabu za mafao yangu, ambayo ofisi moja ilikuwa ikiyachelewesha kila mwezi kwa sababu mpya, na hesabu hizo zilinifuata hadi msituni. Kwa hiyo wanaosema kwamba ukiingia tu porini moyo hutulia, mimi siungani nao. Safari ya kwanza sikutulia, wala ya pili, wala ya tatu.

Safari ya nne, muongozaji alitupeleka kwenye mapango yaliyoachwa na machimbo ya zamani ya kaolini, ambayo sasa ni makao ya popo. Alituomba tuzime tochi. Giza lilikuwa zito kiasi kwamba sikuuona mkono wangu nilipouweka mbele ya uso. Nilisikia mbawa tu, na harufu ya kinyesi chao ikanichoma puani. Tulipotoka, macho yakiniuma kwa mwanga, niligundua kwamba tangu tuingie zile karatasi za mafao hazikunijia akilini hata mara moja. Usiku ule nililala hadi adhana ya alfajiri.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kurudia njia zile zile, na hapa sina mengi ya kueleza isipokuwa kosa langu la viatu. Nilinunua vya mtumba vilivyonikaa sawasawa, nikasahau kwamba wakati wa kuteremka mguu husukumwa mbele. Kucha mbili za vidole gumba zikawa nyeusi na moja ikang'oka. Sasa navaa viatu vinavyozidi mguu wangu kidogo, nakata kucha siku moja kabla ya safari, na kabla ya kuteremka nafunga kamba upya, nikizikaza pale kwenye kifundo.

Mwezi huu nilipanda treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, na kwa takriban saa mbili nikawa Morogoro. Katikati ya mlima, msichana aliyekuwa akishuka na beseni la karoti kichwani alinikuta nimeegemea fimbo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Bado mbali?"

"Siyo sana. Lakini usiukabili mlima hivyo, ukate kwa upande."

Nikaukata kwa upande, hatua fupi fupi, na kweli pumzi ikarudi. Nilipofika Morningside, nyumba ya enzi za Wajerumani iliyoko pale niliitazama kwa haraka, kwani kilichonishika zaidi kilikuwa kijito nilichokuwa nimekivuka njiani. Maji ya upande huu hushuka hadi mto Ngerengere, nao huingia Ruvu, ambao ndio unaochotwa na kusafishwa ili tupate maji ya bomba Dar es Salaam. Miaka yote niliyokuwa karani wa mahesabu nilijua maji kwa bili. Huko juu niliyachota kwa viganja, nikanawa uso, kisha nikakaa hadi jasho likakauka, nikiutazama mji wa Morogoro ulivyojikunyata chini na bwawa la Mindu likimeta kando yake.

Nilifika nyumbani usiku, nimejaa vumbi, nikafungulia bomba. Lilikoroma, likatema hewa. Mke wangu alicheka hadi akashika mlango, kisha akaniletea ndoo aliyokuwa ameikinga tangu juzi.

Ukucha uliong'oka umeanza kuota. Masika ikipita nitajaribu Bondwa, kilele cha milima hiyo hiyo ya Uluguru.