"Sijui, Mzee"

Siku ya tano leo, na maneno mawili bado yamenikaa kooni. Nilimwambia Mzee Fundi, "Sijui, Mzee." Nilijua.

Mnakumbuka nyaya mpya za plagi nilizonunua Kisekka, soko la vipuri hapa Kampala, kwa ajili ya Peugeot 504 ya marehemu Baba, na nilivyoahidi kumngoja fundi. Sikungoja. Jumanne jioni nilichomoa nyaya zote nne kwa mkupuo, nikachomeka mpya kwa mpangilio wa silinda kupokea cheche, ambao Baba alitukaririsha tangu utotoni: moja, tatu, nne, mbili. Mpangilio ni huohuo. Ila rota ya distributa, kile kifaa kinachozigawia plagi umeme, inazunguka upande mmoja, nami nikahesabu upande wa pili.

Jumatano gari liliwaka kwa taabu, likitetemeka kama mgonjwa wa malaria, na pale Wandegeya likalipuka kwenye kabureta, mara mbili. Watu wa boda wakainama juu ya pikipiki zao. Nikavutwa kwa kamba hadi Katwe, kwenye gereji ya Mzee.

Swali la kwanza la Mzee ndilo lingemaliza kazi yote: "Kuna mtu amegusa humu, mwanangu?" Nikasema hapana. Aliwahi kunikataza nisiguse, nikaona aibu.

Basi akaziacha nyaya, akaenda kutafuta kwingine. Injini ikirudisha moto kwenye kabureta, alisema, cheche imekuja valvu ya kuingizia ikiwa bado wazi, au hewa imezidi kiasi kwa petroli iliyopo, au valvu yenyewe haifungi. Akafungua kabureta, akapuliza jeti, vile vitundu vya petroli. Akapima mwanya wa pointi, zile zinazokata umeme ndani ya distributa: 0.4 mm, sawasawa. Kisha akawa anachomoa waya mmoja mmoja injini ikiunguruma. Wa kwanza na wa nne, injini ikataka kuzima. Wa pili na wa tatu, wala haikujali. Hapo akanyamaza. Silinda mbili zinazopakana zikifa pamoja, fundi hufikiria gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya injini na kifuniko chake cha juu, imeungua katikati yao. Akasema huenda hedi ikashushwa. Hata hapo sikufungua mdomo.

Kabla ya kushika spana aling'oa plagi, akaziba tundu la pili kwa kidole gumba, kijana wake akapiga stata. Kidole kikarushwa. La tatu, vilevile. Mgandamizo upo, gasketi ni nzima. Akafuta kidole kwenye ovaroli, akainama juu ya distributa, akazifuata nyaya kutoka kwenye kofia hadi kwenye plagi kwa kidole kilekile, midomo ikihesabu bila sauti. Akasimama hapo. Akabadilisha nafasi za nyaya mbili.

"Nani alifungua hapa?"

"Sijui, Mzee."

Akamgeukia kijana, ambaye ndiye aliyeosha injini wiki iliyopita. "Ni wewe?"

Kijana alinitazama mimi kwanza. Mara moja tu. Kisha akatazama chini. "Nisamehe, Mzee."

Dada kaposwa Jumamosi, mkataba wangu wa kazi umeongezwa, na bado ninaposinzia nasikia "nisamehe" ile. Nimerudi pale mara mia. Kati ya swali na jibu kila mara kuna nafasi pana ya kusema "ni mimi," na kila mara naipita.

Na gari, wapenzi wangu, gari limepona! Ijumaa usiku nililipeleka barabara ya Entebbe, redio nimezima, madirisha wazi. Halikulipuka hata mara moja, wala nilipoachia mafuta kwenye mteremko. Ule mngurumo mzito, tulivu, ndio tuliokuwa tukiusikia kutoka mbali, tukakimbilia geti kumfungulia Baba, naye akishuka anaanza upya habari za 504 kushinda Safari Rally mwaka 1975. Nililia kidogo, kwa furaha. Nikakaa ndani ya gari muda mrefu baada ya kulizima, nikisikiliza chuma kikipoa.

Kesho kabla ya kazi napitia Katwe. Nataka Mzee anisikie kijana akiwepo palepale.

Nilikuwa niishie hapo, lakini Mama amepiga simu sasa hivi. Ameniuliza wageni wa posa wanakuja lini, ili aloweke mchele. Nikamwambia, Mama, walikuja jana, walikaa sebuleni kwako. Akanyamaza, halafu akasema, "Ah, kweli." Baada ya dakika kumi amepiga tena, ameuliza vilevile.