Dodoma hadi Chicago ni Mvumi 330

Wiki moja kabla ya safari mama aliniuliza: "Huko kwa dada yako ni kama kwenda Mvumi mara ngapi?"

Mama ni mzaliwa wa Mvumi, kama kilometa 40 kutoka Dodoma mjini. Enzi za usichana wake mwendo huo aliutembea kutwa nzima, karanga kichwani. Ndicho kipimo chake. Nikashika simu nikapiga hesabu: Dodoma mpaka Chicago, mstari ulionyooka, ni kama kilometa 13,200. Yaani Mvumi 330. Akawaza kidogo. "Kwa miguu ningetoka watu wakipanda uwele, nikafika wameshavuna na wanaandaa mashamba tena."

Kwa kilometa 900 kwa saa, ndege ingeumaliza mwendo huo ndani ya saa 15. Ila hakuna ndege ya moja kwa moja. Sisi tulifunga geti Chang'ombe saa 11 alfajiri, Jumanne ya mwezi wa saba, baridi ile ya upepo wa Dodoma. Treni ya SGR mpaka Dar, tukasubiri mpaka jioni, saa sita angani hadi Doha, Qatar, tukakesha kwenye viti, kisha saa 15 hadi Chicago. Kuzungukia Doha tu kunaongeza zaidi ya kilometa 2,000.

Kwenye skrini mama aliona ndege inapanda kaskazini, inaelekea Greenland. "Mbona anatuzungusha?" Nikamwonyesha kwa chungwa la kwenye trei: ukivuta uzi kati ya alama mbili juu ya tunda, njia fupi hupinda kuelekea kikonyo. Ramani ya ukutani imelazwa, dunia haikulazwa. Akalishika lile chungwa muda mrefu, akalizungusha, hakulimenya.

Kilichomchosha zaidi ni jua. Tulikuwa tunakimbia nalo kwenda magharibi, nalo halizami. Lilituchomozea Doha, na lilipozama Chicago kule Dodoma kulikuwa kunakaribia kupambazuka: mchana mmoja wa karibu saa 24. Mama alisali sala ya jioni mara mbili, hakuwa na uhakika ipi ndiyo yenyewe.

Dada alipotufungulia mlango ilikuwa saa 11 jioni Jumatano yao, saa 7 usiku yetu. Saa 44 tangu geti la Chang'ombe. Mlenda wa kukausha, mboga ya nyumbani tuliyombebea, ulifika salama, na dada alilia alipounusa.

Kurudi kulikuwa kwepesi. Kule juu, kilometa kumi na kitu, upepo huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki na huisukuma ndege, hivyo Chicago–Doha ilichukua kama saa 13. Tuliposhuka SGR Dodoma nikaita bajaji ya nyumbani. Mama akanizuia, akauliza kama basi la Mvumi bado halijaondoka.