Mama Yangu na Baridi Yabisi
Mama yangu, anayeishi Jinja, mji wa Uganda ulio kando ya Ziwa Victoria, ana baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utando wa ndani ya viungo hadi vikavimba, vikauma na, visipotibiwa mapema, vikaharibika. Majirani huulaumu ubaridi wa ziwa, lakini chanzo si hicho. Mama humeza methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, mara moja tu kwa wiki, wala si kila siku, kwa kuwa kuizidisha ni hatari kubwa. Hupewa pia asidi ya foliki, aina ya vitamini ya kupunguza madhara ya dawa hiyo, na damu yake hupimwa ili kuchunguza ini na chembe za damu. Asubuhi, vidole vilivyokakamaa vikianza kulegea, huvikunja na kuvikunjua polepole, kisha hutembea. Viungo vikivimba hupunguza mazoezi, ila haachi kabisa, maana misuli isiyotumika hudhoofika.