Kipandauso changu na mazoezi, ilivyokuwa kwangu

Mi ni fundi cherehani hapa Mwanza na kipandauso ninacho toka niko sekondari. Kinaanza na maruweruwe, naona vimstari vinang'aa vinacheza pembeni ya jicho kama dakika 20 hivi, afu kichwa kinaanza kugonga upande wa kushoto, natapika, mwanga sitaki, hata harufu ya vitunguu vikikaangwa sitaki. Nimepima macho, malaria nimepima mpaka basi, mama mkwe akasema nikachanjwe, nikachanjwa, alama ninazo kwenye kipaji mpaka leo na kichwa kikaendelea vile vile.

Mwaka jana nlikuwa nameza diklofenaki, dawa ya maumivu, karibu kila siku. Daktari akaniambia hizo dawa ukizimeza siku 15 na zaidi kwa mwezi zinageuka, zenyewe ndo zinaleta kichwa. Akanipunguzia, akasema anza na mazoezi. Nikamwambia daktari, mi nikipanda ngazi tu kinagonga, mazoezi nafanyaje? Akasema sio siku kinauma, siku zile hakiumi.

Nikaharibu siku ya kwanza tu. Nikawafuata vijana wa jogingi, tukapandisha Capri Point mbio, sijanywa hata chai, jua limeshatoka, kufika saa sita mchana maruweruwe hayo, na kuna gauni la harusi la watu mezani linasubiri zipu. Nikasema mazoezi basi tena.

Mdogo wangu ndo akanisomea utafiti wa Sweden wa 2011, watu waliendesha baiskeli za ndani dakika 40 mara tatu kwa wiki, miezi mitatu, wakapata nafuu inayokaribiana na ya waliomeza topiramati, dawa ya kuzuia kipandauso. Baiskeli ya ndani mi naitoa wapi, nikaamua kutembea. Saa 12 asubuhi nakunywa maji na uji kidogo, natoka Kirumba polepole mpaka damu ichemke, afu naongeza mwendo, naenda mpaka Jiwe la Bismarck narudi. Jumatatu, Jumatano, Jumamosi. Mwendo ni ule wa kuongea unaweza ila kuimba huwezi.

Kila siku ya kichwa naweka alama kwenye kalenda kwa chaki ya kukatia nguo. Mwezi wa kwanza alama 9, hakuna kilichobadilika, nkakaribia kuacha. Wa pili 7. Wa tatu 4, na zile 4 zenyewe mbili nililala nikaamka nzima. Sasa sijui ni kutembea, au ni kupunguza dawa, au ni kwamba ukiamka saa 11 unalala mapema utake usitake, labda vyote.

Hakijaisha lakini. Wiki ya Idi oda zilinizidi, nikashona mpaka saa nane usiku siku nne mfululizo, kutembea hakuna, kula ni soda na maandazi, siku ya Idi yenyewe watu wanakula pilau mi niko chumbani na kanga usoni. Jumatano iliyofuata nikarudi barabarani, mpaka Furahisha tu, nikageuza.