Gari la Zimamoto la Kendu Bay

Jana kitindamimba wangu alirudi kutoka shule na mchoro wa gari la zimamoto, akaniuliza la kwetu Kendu Bay lilikuwa la rangi gani. Nikamwambia hatukuwa na gari.

"Sasa nani alikuwa anazima moto?"

"Babu yako," nikasema, nikanyamaza. Jibu hilo ni nusu tu.

Ilikuwa 1998, gugumaji limeifunika Ghuba ya Winam, upande wetu wa Ziwa Victoria, mpaka mitumbwi ikashindwa kutoka. Zimamoto lilikuwa Kisumu, safari ya kupitia Katito na Ahero, na usiku ule hatukuwa na simu ya kuliita. Moto ulianzia dukani kwa rafiki yake Baba, aliyeuza mafuta ya taa. Mwadhini hakungoja alfajiri. Sauti yake kwenye kipaza ndiyo iliyotuamsha.

Tukapanga mstari hadi ziwani: wavuvi, kina mama wa omena, vijana wa madrasa na wa kwaya, kila mtu na ndoo au debe lake. Mimi, miaka 14, nilikuwa wa kwanza majini. Lakini maji yenyewe hayakuonekana. Gugumaji lilinifika kifuani. Nikizamisha debe, linapanda limejaa mizizi myeusi. Nikilipasua gugu kwa mikono, linajifunga tena. Nilikuwa nalia. Mama mmoja nyuma yangu akapaza sauti, "Lete hayo hayo, mwanangu!" Basi tukaanza kupitisha magugu yenyewe, mabichi, yakichuruzika maji, mkono kwa mkono, mikono yote ikinuka tope la ziwa.

Huko juu aliyeyapokea ni Baba. Usiku kwetu upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na upande huo zilikuwepo nyumba za nyasi, watoto wamo. Baba akaagiza kila kitu kitupwe juu ya mapaa hayo. Rafiki yake akamshika mkono: "Ndugu yangu, na langu je?" Baba hakumjibu. Akapokea fungu jingine, akalirusha kwenye paa la jirani.

Nyumba zote zilisalimika. Duka likaisha kabla ya jua kuchomoza.

Miaka mingi waliswali bega kwa bega, na sikuwahi kuwasikia wakilitaja duka. Tulipomzika Baba, mzee yule alishuka kaburini, akampokea kwa mikono yake miwili. Nilitamani kumuuliza kama alikuwa amesamehe. Nikashindwa.

Mwanangu bado anangoja nimwambie rangi.